Karatasi Namba 4417

Miaka kumi na tisa nilichora milima
nisiyopata kuikanyaga.
Jengo la matofali, St. Louis, dirisha la kaskazini,
Misisipi ikipita nyuma yetu na matope yake
bila kutuuliza kitu.
Picha mbili za angani, lenzi mbili. Unabana pumzi
na ghafla ardhi inaumuka mezani kama unga wenye hamira,
nawe kwa kalamu yenye ncha ya sindano
unazungusha mstari pale ambapo maji yangesimama
kama gharika ingekuja ikakoma mita ishirini,
arobaini, sitini.

Ndiyo kontua hiyo: mstari usiokuwapo.
Mbuzi wa kule huuvuka kila asubuhi.

Mwenye mbuzi nilimjua kwa paa lake.
Nilijua ana kisima, kwa kivuli cha kisima.
Picha ya Machi nyumba ina vyumba viwili,
ya Septemba vitatu, na ukuta mpya bado mweupe:
nikasema moyoni, kijana kaoa.
Na mbele ya nyumba, duara la mawe,
sakafu ya kupuria ngano,
safi, kama sahani iliyolambwa.
Nikaichora. Nikaandika: ngano.

Kanali Dreyer alitia sahihi mkataba siku ya Alhamisi.
Ijumaa alituaga, mvua ikinyesha,
tai wawili wa fedha wametua mabegani mwake.
Jumatatu akarudi na tai moja tu,
ya hariri, shingoni,
na beji ya Haldane na Pruett, makamu wa rais, kitengo cha ramani.
Kiti kilekile cha mkutanoni. Kahawa ileile, bila sukari.
Odell Prudhomme, aliyekaa meza ya pili tangu ujana wetu,
akaninong'oneza:
bwana huyu katoka mlango huu kaingia ule,
na mvua yote ile haikumlowesha.

Kampuni ilichukua karatasi zetu kwa malori mawili,
ikazipitisha kwenye mashine,
ikaturudishia ndani ya diski
pamoja na ankara.
Luteni mgeni aliuliza kwa nini tunanunua tulichochora wenyewe.
Mwezi uliofuata alihamishiwa Alaska,
na huko, nasikia, naye anaandika barua za kuomba kazi
Haldane na Pruett.

Nilifungua diski. Nikalitafuta bonde langu.
Duara lilikuwapo, ila mashine haijui ngano:
iliandika *kiwanja cha helikopta*.

Niliandika waraka, nakala tatu.
Dreyer aliniita, akanivutia kiti mwenyewe;
ni mtu muungwana, hilo siwezi kumnyima.
Akasema: Verna, hilo ni la toleo la pili.
Toleo la pili lina zabuni yake.
Nikasema: kuna nyumba pale.
Akasema: toleo la pili.
Ukutani nyuma yake palikuwa na picha:
yeye, jenerali mmoja, na Pruett mdogo,
wameshika samaki mkubwa, wote watatu, samaki mmoja.

Picha ya mwaka uliofuata sikuonyeshwa.
Kibali kilikuwa cha kwao, si changu tena.
Huwa najiambia hakuna kilichotokea.
Huwa najiambia hivyo hasa ninapokanda mkate.

Nilipostaafu waliniandalia keki na hotuba,
na zawadi ya kampuni: fremu ya mwaloni, kioo,
karatasi namba 4417, rangi tano, nzuri mno,
imetiwa sahihi na Dreyer pembeni
kana kwamba yeye ndiye aliyechora.

Usiku ule nilipindua fremu,
nikang'oa misumari kwa kisu cha siagi.
Kifutio hakikuuweza wino wa mashine.
Basi nikaandika kando, kwa penseli ngumu,
herufi ndogo za kazini:
ngano.
Kisha nikachukua rula nikapima
kutoka ukingo wa duara hadi chumba cha maarusi.

Haitimii milimita.